Saba Mara Nane Kanisani

Mungu aliponiumba alisahau kuniwekea sauti. Mdomo alinipa, ulimi alinipa, meno yote yamo, lakini nilipofungua kinywa mbele ya Darasa la Nne B kilichotoka kilikuwa kama mvuke wa chai. Watoto wa mbele walinisikia. Wa katikati walikisia. Wa nyuma, waliokaa juu ya matofali kwa sababu madawati yaliishia katikati ya chumba, walijiendeshea shule yao wenyewe. Siku moja niliwakuta wanagawana muhindi wa kuchoma, bado wa moto, na hadi leo sijui uliingiaje.

Upepo wa Ufipa nao ulikuwa upande wao. Shule yetu iko juu kwenye uwanda, njia ya kwenda Kaengesa. Jina sitalitaja, kwa sababu Mwalimu Mkuu wa wakati ule yu hai na anapenda kusoma. Madirisha yalikuwa matundu tu. Kipindi cha baridi upepo uliingia dirisha la kushoto, ukayachukua maneno yangu, ukatoka nayo dirisha la kulia, ukayapeleka Zambia. Huko labda kuna watoto waliojua kuzidisha kwa juhudi zangu. Kwetu hapakuwa na hata mmoja.

Mwalimu Mkuu Baltazari alikuwa na sauti yake na yangu. Aliposema "Simameni!" kule Darasa la Saba, ng'ombe wa Wasukuma waliokuwa wanapita barabarani walisimama. Siku moja aliniita ofisini.

"Mwalimu Coleta, mle ndani unafundisha au unaungama?"

"Nafundisha, Mwalimu Mkuu."

"Eti?"

"Nafundisha."

"Unaona? Meza tu ndiyo imetutenga na sijasikia kitu. Nimepita dirishani kwako leo nikadhani darasa halina mwalimu. Nimeingia nimewachapa, kumbe wewe upo pale ubaoni!"

Hilo lilikuwa kweli. Na mimi nusura nichapwe.

"Fimbo unayo?" akauliza.

"Ninayo."

"Unaitumia?"

Niliwahi kumchapa Masunga, yule mtoto mrefu wa Kisukuma, kwa kosa la kupiga mluzi. Nililia mimi, akanibembeleza yeye.

"Sasa sikiliza," akasema Baltazari. "Mtihani wa Darasa la Nne ni baada ya mbegu kuingia ardhini. Nikiona watoto wale hawajui tebo za kuzidisha mpaka hapo, nakutoa darasani. Nakupa mradi wa nguruwe. Nguruwe hahitaji sauti, anahitaji pumba."

Nguruwe wa shule walikuwa nyuma ya vyoo. Yule dume mkubwa wanafunzi walimwita Mkuu, kwa siri, na alikuwa anaitika. Sikuwaogopa nguruwe. Nilichoogopa ni kukaa kule nyuma nikiwa nasikia mtu mwingine anawafundisha watoto wangu, maana niliwapenda kwa namna ambayo chuo cha ualimu hakikutufundisha. Chuoni tulifundishwa kuwadhibiti. Mimi nilijua nani kati yao hula mchana na nani husema ameshiba kwa ajili ya heshima. Nilijua Salome huandika tatu kwa kuigeuza, ila akiambiwa anarekebisha na kuomba radhi kwa ile tatu. Nikaenda zangu nyumbani nikafunga mlango, nikapika uji wa ulezi, ukaungua.

Kaka yangu Obed ndiye aliyeniletea msaada, bila kukusudia, kama alivyofanya mambo yake yote mema. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mtu alikuwa mfanyabiashara, na kaka alikuwa anachukua mitumba Tunduma anauza Sumbawanga mjini. Siku hiyo alikuja kwangu kula, amevaa koti la Mzungu mnene.

"Mambo, mwalimu!" akasema, akaingia moja kwa moja kwenye sufuria.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Bado unanong'ona tu? Utaolewa na kiziwi wewe. Chukua, nimekikuta mfukoni mwa hili koti nilipofungua robota."

Akanirushia kitu chembamba cha rangi ya fedha. Ilikuwa kalkuleta.

"Betri haina," nikasema nilipoigeuza.

"Haili betri, inakula mwanga. Bonyeza."

Nikabonyeza tano. Ikalia. Nikabonyeza sita, ikalia juu kidogo. Kila namba ilikuwa na mlio wake.

"Nilitaka kuiuza," Obed akasema, mdomo umejaa, "lakini kila mteja anaijaribu anacheka na kuondoka. Nadhani yule Mzungu alichoka kuhesabu akaitupa na koti lake."

Nilikwenda nayo shule ili inisaidie kujumlisha alama za madaftari. Chuoni tulikatazwa kabisa kuonyesha kalkuleta mbele ya watoto wa shule ya msingi, kwamba inaozesha akili. Kwa hiyo niliificha chini ya meza, kipindi cha hesabu, huku nyuma kwenye matofali vurugu ikiendelea kama kawaida, nikabonyeza nane.

Pii!

Darasa zima likanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nilisikia upepo peke yake.

"Mwalimu," Masunga akaita kutoka nyuma, "ni mdudu gani huyo?"

Kile kidude kilikuwa na kitu nilichonyimwa mimi, sauti nyembamba na kali kama ya nyenje aliyekanyagwa. Lakini haikuwa kubwa kiasi hicho. Ili uisikie ilibidi unyamaze, na wao walitaka kuisikia. Nikaitoa chini ya meza, nikabonyeza moja, mbili, tatu mpaka nane.

"Do re mi fa so la ti do!" darasa likaimba lenyewe.

Hapo sikuwa nimewafundisha mimi. Aliyewafundisha ni Zenon, katekista na mwalimu wa kwaya wa kigango chetu, mtu aliyeamini kwamba mtoto asiyejua noti hataingia mbinguni, au ataingia lakini atasimamishwa mlangoni. Kila Jumamosi aliwakalisha watoto wa kijiji kizima, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, akawachapia do re mi kwa kijiti juu ya benchi. Yaani walijua noti kuliko majina ya bibi zao.

Basi nikaandika ubaoni: 6 x 7. Nikabonyeza. La, ti. Kitufe cha mara na kile cha sawasawa vilikaa kimya, hivyo nilibonyeza jibu kwa mkono: nne, mbili. Fa, re.

"La ti fa re," wakaimba.

"Sita mara saba?" nikauliza kwa ile sauti yangu.

"Arobaini na mbili!" na nyuma kabisa kwenye matofali wamo.

Tangu siku hiyo tebo zikawa nyimbo. Sifuri ilikuwa haina noti ya maana, ilitoa mlio mnene kama chura, kwa hiyo makumi ndiyo yaliyopendwa kuliko namba zote. Niliandika 5 x 4 na chumba kizima kikajibu so, fa, re, halafu chura. Walibishana nani ana chura mzuri. Mtu akikosea jibu, hakuna aliyemwambia umekosa. Walikunja nyuso, wakasema, "Haiimbi hiyo." Na aliyekosea alisikia mwenyewe kuwa haiimbi, akatafuta mpaka ikaimba. Salome, ambaye mwanzoni alikuwa anaandika jibu na kulifunika kwa kiganja, sasa alikuwa wa kwanza kusimama. Masunga alizipeleka tebo machungani. Jioni ulimsikia kule kwenye majani, anawapigia ng'ombe wa baba yake mluzi wa tebo ya nane, na wanamfuata.

Wiki zilipita hivyo na mimi nikaanza kulala usingizi. Kosa letu lilikuwa kusahau Jumapili.

Zenon alikuwa ametunga wimbo mpya wa vipaji, wa kupelekea sadaka altareni. Aliutunga kiangazi chote, akiwa shambani, akiwa njiani, akiwa kwenye mazishi ya watu. Siku ya kuutoa ilipofika, kanisa lilijaa. Kwaya ilisimama, besi upande wa dirisha, akina mama wa sauti ya pili wamefunga vitenge sare. Waumini walipanga mstari na mahindi, maharage, ulezi kwenye vikapu, na mzee mmoja na kuku. Darasa la Nne B walikuwa wamebanana mabenchi ya mbele. Mimi nilikaa kwenye kona, mahali ninapokaa siku zote, penye nguzo.

Zenon akainua mikono. Kwaya ikaanza.

"Tu-na-ku-ja..."

Ti, do ya juu, so, fa.

Niliona vichwa vya mbele vinainuka.

"Tu-na-ku-ja..." kwaya ikarudia, kwa sababu Zenon alipenda kurudia.

Ti, do, so, fa. Saba, nane, tano, nne. Saba mara nane, hamsini na nne! Watoto wakaanza kutazamana kwa uso ule ule wa darasani, wa kusikitikia mtu aliyekosea. Nikaomba mvua, nikaomba radi, chochote.

"Tu-na-ku-ja..."

Salome akasimama. Salome yule anayeomba radhi kwa namba. Akasema kwa upole lakini kwa sauti safi:

"Hamsini na sita."

"Tu-na-ku-ja, na vikapu vichwani..."

"Hamsini na sita!" sasa darasa lote, na Masunga, ambaye si Mkatoliki wala sijui alifuata nini, akaongeza kutoka mlangoni, "Haiimbi hiyo!"

Besi wakacheka. Besi wakicheka kwaya haina mguu, ikaanguka. Zenon aligeuka na kijiti chake mkononi, jasho linamtoka, akidhani labda ameshikwa na ugonjwa. Yule mzee akashtuka akamwachia kuku, kuku akapanda altareni. Padri, mtu mnene mwenye huruma, mzaliwa wa Mwimbi, alimtazama kuku, akatutazama sisi, akasema, "Tusali," kwa sababu hakujua cha kusema kingine.

Kamati ya shule ilikutana siku mbili tatu baadaye, humo humo darasani kwangu, watu wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti alikuwa Mama Evodia, mama yake Salome, mpika pombe wa kijiji. Kila mwanaume pale alikuwa na sababu ya kumheshimu. Kalkuleta ilikuwa mezani peke yake kama maiti inayosubiri ndugu.

Zenon alisimama wa kwanza. "Mama mwenyekiti, hiki kidude kinawafundisha watoto kumsahihisha Mungu."

"Aliyesahihishwa ni wewe, Zenon," akasema Mama Evodia. "Mungu sikumsikia akilalamika."

"Mimi nimetunga kwa roho!"

"Ndiyo. Roho ikakosea hesabu. Kaa."

Mzee mmoja aliyekuwa karibu na mlango akakohoa. "Mimi nauliza tu. Hicho kitu kinakula nini?"

"Mwanga," akasema Baltazari.

"Mwanga wa nini?"

"Wa jua, mzee."

"Na betri?"

"Hakina."

Watu wa mikoa mingine hututania Wafipa kwamba tunasafiri kwa ungo na kutumiana radi kama salamu. Sisi hucheka nao. Lakini kwa sababu hiyo hiyo tunakuwa waangalifu sana na kitu chochote kinachoimba bila betri. Kila mtu pale aliwaza jambo lile lile na hakuna aliyelitamka, na mzee aliyeuliza alisogeza dawati lake nyuma.

"Mie naomba kusema," akasema mzee Limbu, baba yake Masunga, Msukuma wa ng'ombe wengi na maneno machache. "Nilimleta mwanangu shule kwa sababu mtendaji alinitisha. Nilijua atatoka kama alivyoingia. Sasa jana mnunuzi kaja kuchukua madume saba, akasema bei yake, akaanza kuandika kwenye kiganja. Masunga kapiga mluzi kidogo, kasema, 'Baba, huyu anatuibia.' Na kweli alikuwa anatuibia! Mie hicho kidude siogopi. Kama ni uchawi, wabeja, asanteni, niuzieni na mie."

Watu wakacheka. Baltazari hakucheka.

"Ndugu wajumbe, hoja siyo kidude," akasema, na chaki zikatikisika ubaoni. "Hoja ni mwalimu. Kama mwalimu anafundisha kwa mdomo wa mashine, siku mashine ikiharibika watoto watabaki na nini? Darasa linataka mtu anayesikika. Mimi napendekeza Mwalimu Coleta aende kwenye mradi wa nguruwe kuanzia sasa, tusisubiri mtihani."

"Mwalimu Coleta anasemaje?" akauliza Mama Evodia.

Nilisimama. Niliongea maneno mazuri sana. Nilisema kwamba mashine haikuwafundisha, iliwanyamazisha tu ili wajisikie wenyewe. Nilisema kwamba mwalimu siyo spika ya mkutano wa hadhara. Nilisema naomba, tafadhali, msinitenge na watoto wangu. Nikakaa.

Wote walikuwa wameinama mbele, viganja nyuma ya masikio.

"Anasemaje?" Mama Evodia akamwuliza Limbu, aliyekuwa jirani yangu.

"Nadhani anaomba maji," akasema Limbu.

Nililetewa maji, nikayanywa.

Wakati wote huo Zenon alikuwa amekaa anatazama ubao, ambako watoto walikuwa wameacha maandishi ya asubuhi, 7 x 8 = 56. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nikamsikia anajaribu kwa chini chini: ti, do, so, fa. Akasita. Ti, do, so, la. Akarudia ile ya pili. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyekuta mke wa jirani anapika vizuri kuliko wake.

"Zenon, una neno?" akauliza mwenyekiti.

"Nitabadilisha noti moja," akasema kwa kununa. "Siyo kwa ajili ya hesabu! Kwa ajili ya akina mama wa sauti ya pili. Walikuwa wanashuka vibaya pale."

"Asante sana, akina mama wa sauti ya pili wameshukuru. Basi mimi naamua hivi. Jumapili Padri anabariki mbegu na majembe. Mwalimu aje na kidude chake. Kikibarikiwa, kitakuwa kama jembe lingine lolote, na mwalimu atabaki na darasa lake. Padri akikikataa, au kidude chenyewe kikikataa baraka, Mwalimu Mkuu ampeleke kwa nguruwe. Baltazari, umeridhika?"

"Nimeridhika," akasema Baltazari, na nilijua ana hakika kitakataa.

Kubariki mbegu kwetu siyo mchezo. Kabla ya mvua za kwanza watu hutoka na kila kitu watakachotegemea mwaka ule: mahindi ya mbegu kwenye vibuyu, ulezi, maharage, majembe, shoka, baiskeli, na mwaka huo mzee Limbu akaja na kundi zima la ng'ombe, akasema hata wao wana roho. Vyote vilipangwa uwanjani mbele ya kanisa. Padri hakutumia kile kinyunyizio kidogo cha ndani. Alikuja na ndoo iliyojaa na mganda wa matawi mabichi mnene kama ufagio wa uwanja. Watu wa Ufipa hawaamini baraka wasiyoihisi mwilini. Mkulima ambaye mbegu zake hazikulowa alikuwa anarudi nyuma ya mstari apite tena.

Nilisimama mwishoni kabisa, baada ya ng'ombe, nimeshika kalkuleta kwenye viganja viwili juu ya leso niliyoidarizi mwenyewe. Darasa la Nne B walikuwa nyuma yangu. Baltazari alisimama upande wa wanaume, amekunja mikono, anasubiri.

Padri alikuwa amewaka kwa kazi. Ng'ombe ni wakubwa na walikuwa wengi, na mkono wake ulikuwa umeshazoea kurusha maji ya kumtosha ng'ombe. Alifika kwangu akihema, akatazama viganjani.

"Hiki nacho kinapandwa?"

"Hapana, Padri, ni cha kufundishia. Naomba matone tu, Padri, kidogo sana, hakitakiwi..."

"Eti?"

"Matone tu."

"Amina!" akasema Padri, ambaye hakusikia hata neno moja, akachovya ule mganda mpaka chini ya ndoo, akaurusha.

Maji yalinipiga usoni, yakajaa viganja, yakalowesha leso. Kalkuleta ikalia yenyewe. Ikapanda do, re, mi, fa, so, la, ti, bila mtu kuigusa, ikafika juu kabisa ikatetemeka pale, halafu ikashuka kwenye chura. Ikakoroma. Kioo chake kikafifia, namba zikafutika moja moja, kikabaki cheupe.

Mzee wa betri alipiga ishara ya msalaba. Na kutoka upande wa wanaume nikasikia Baltazari akisema kwa utulivu, kwa mtu aliyesimama naye:

"Kimekataa. Basi. Nguruwe."

Sijui kilichopanda. Kilitoka miguuni, kikapita tumboni, kikakuta koo limefungwa tangu nizaliwe, kikalivunja.

"PADRI!"

Kuku walitawanyika. Ng'ombe wa Limbu waligeuza vichwa wote kwa pamoja, kama watu.

"PADRI, MATONE NIMESEMA! MATONE! ULIDHANI NI NG'OMBE? UMENIULIA KALKULETA YANGU! NA WEWE MWALIMU MKUU, NGURUWE WAKO SIWATAKI! HAWA NI WATOTO WANGU, WANAJUA TEBO ZOTE, WAULIZE! MUULIZE YEYOTE UMTAKAYE! HAKUNA MTU ATAKAYENITOA DARASANI KWANGU!"

Sauti iligonga ukuta wa kanisa ikarudi, nikaisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Sikuipenda. Ilikuwa kama ya shangazi yangu.

Padri alikuwa amerudi nyuma mpaka ameingiza mguu kwenye ndoo. "Samahani sana, binti yangu," akasema. "Samahani. Angalau kimekufa kikiwa na baraka."

Hapo ndipo akili iliponirudia. Nimemfokea Padri. Mbele ya parokia nzima, na ng'ombe. Nikataka ardhi inimeze pamoja na zile mbegu. Lakini hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Wote walikuwa wanamtazama Baltazari.

Alikuwa ameikunjua mikono. Alinijia polepole, ananikagua kama mtu aliyeuziwa mbuzi akakuta ni punda.

"Mwalimu Coleta."

"Abee," nikasema, na ikatoka ule mvuke wangu wa siku zote.

"Hiyo ulikuwa umeificha wapi?"

"Sijui, Mwalimu Mkuu."

"Baltazari," Mama Evodia akaita akiwa anakamua maji kwenye kitenge chake, "umemsikia mwalimu au nimwambie arudie?"

"Nimesikia," akasema Baltazari. "Kasense, kule mbali, nako wamesikia."

"Ulisema darasa linataka mtu anayesikika. Si ndivyo ulivyosema kwenye kikao?"

"Ndivyo."

"Basi?"

Baltazari alitazama kalkuleta iliyokufa, akatazama watoto, akanitazama mimi kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama, yenye tahadhari kidogo. "Darasa ni lake," akasema. "Sauti anayo. Nilikuwa sijajua."

Watoto walishangilia. Masunga alipiga mluzi mrefu na ng'ombe wote wakaanza kuondoka, ikabidi mzee Limbu awakimbilie huku akitukana kwa Kisukuma mbele ya vyombo vitakatifu.

Jioni niliizika kalkuleta kwenye debe la ulezi mkavu, kwa ushauri wa kaka Obed kwamba ulezi hunyonya maji. Haikuamka. Kaka alisema kuna makoti mengi bado Tunduma, ataendelea kupekua mifuko.

Asubuhi yake niliamka nikajaribu kusema, "Ee Mungu," hakikutoka kitu. Sauti imekwisha yote. Hata ule mnong'ono wangu wa zamani haukuwepo. Koo lilikuwa limebaki kama bomba la shambani wakati wa kiangazi. Nilifunga kitambaa shingoni nikaenda shule hivyo hivyo. Darasani niliingia, wakasimama, "Shikamoo mwalimu," nikaitikia kwa kichwa. Wakasubiri niseme. Nikawaonyesha koo. Nikawaonyesha viganja vitupu. Salome akaanza kububujikwa na machozi, nikamkataza kwa kidole.

Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni 7 x 8, nikasogea pembeni.

Mwanzo ilikuwa sauti moja, sikuona ya nani. Kisha madawati ya mbele, kisha katikati, kisha nyuma kwenye matofali, ti, do, so, la, na baada ya hapo hawakunisubiri tena. Walijiandikia ubaoni wenyewe, wakapokezana chaki, tebo ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa, wakagombania zamu ya kuwa chura, na paa la mabati likawa linaitikia.

Mwalimu Mkuu Baltazari alipita dirishani na daftari zake kwapani. Alisimama kidogo akasikiliza ile kelele. Akatikisa kichwa kwa kuridhika kabisa, akaenda zake. Alidhani ni mimi.